Hadithi ya nchi isiyo na mume wala mke: Kiswahili kinapokubeba na kinapokuangusha

Mkuu, umeuliza jinsi ya kuandika hadithi ya nchi ambayo watu wake hawana jinsia, bila msomaji kupotea. (Nimekuita Mkuu na sijui wewe ni nani, lugha imeniruhusu.) Mzigo uliowatoa jasho waandishi wa Kiingereza wewe huna. Mwandishi Mmarekani Ursula K. Le Guin alitoa riwaya ya The Left Hand of Darkness mwaka 1969. Watu wake wa sayari ya kubuni ya Gethen hukaa muda mwingi si wa kike si wa kiume, lakini Kiingereza kilimtaka achague kiwakilishi, "he" au "she". Akachagua cha kiume, akalaumiwa miaka. Mwaka 1975 alipoichapa upya "Winter's King", hadithi fupi ya sayari hiyohiyo, akaweka cha kike. Kwetu "alikuja, akaketi, akaamuru" imetosha.

Siri ya jinsia huvujia kwenye majina ya undugu. Mjomba, shangazi, wifi, kaka: neno moja tu na umekwisha. Baki na ndugu, mzazi, mwenza, mkubwa wangu, mdogo wangu. Shikamoo iache ibaki, hiyo inafuata umri. Majina chukua Amani, Imani, Furaha.

Kazi kubwa iko kwenye kitenzi -oa. Mwanamume huoa, mwanamke huolewa. Mmoja mtenda, mwenzake mtendwa, madaraka yameshagawanywa kabla hujaandika sura ya kwanza. Kwa nchi yako tumia "walioana" au "walifunga ndoa". Anayeandika nchi inayotawaliwa na wanawake, huyo akigeuze tu: "Mzee Baraka halali usingizi, kijana wake ametimiza miaka thelathini na hajaolewa." Mstari huo usiufafanue. Wengi huharibu hapo, wanashusha kurasa tatu za katiba ya nchi wakati kitenzi kilishasema yote. Na mstari wenyewe umpe mhusika asiyeona ajabu yoyote ndani yake.

Angalia pia "jikaze kiume" na "mkono wa kuume". Huo wa pili umejificha vizuri: mkono wenye heshima umepewa uume, na wa kushoto wazee waliuita mkono wa kike. Andika kulia na kushoto.

Kuna mtego ambao sarufi haiutegui. Ukiandika "Jumbe aliamuru malango yafungwe", wasomaji wengi wameshamchorea mtawala huyo masharubu. Ukinyamaza, cheo kinajaza nafasi, na huwa kinajaza mwanamume. Dawa ni kuweka mwili ndani ya sentensi ileile: "Jumbe aliamuru malango yafungwe, akamhamishia mtoto titi la pili." Usingoje sura ya tatu kulitoa hilo kama fumbo, msomaji ataona umemtapeli.

Ukimaliza rasimu, pitia na kalamu nyekundu: zungushia kila -ke, kila -ume, kila -oa na kila jina la undugu. Mazungumzo ya jikoni na ya msibani yasome mara mbili, huko ndiko mawifi hujipenyeza.