Muulize Fundi: Godoro halina kosa, tazameni chini yake

SWALI: Shikamoo Fundi. Tuna vani ya familia yenye safu tatu za viti. Tukienda kupiga kambi, watoto wetu wawili hulala kwenye hema lao, mimi na mume wangu tunalala garini. Huwa tunalaza viti vya katikati na vya nyuma, kisha tunatandika godoro la sponji la sm 10 juu yake. Asubuhi migongo inauma, na godoro limelowa kwa chini hata kama mvua haikunyesha. Mume wangu, ambaye ana urefu wa sm 183, anataka tununue godoro la sm 20. Mimi nataka kitanda cha mbao. Viti vyetu vinachomoka, na kutoka sakafuni hadi darini ni sm 125. Nani yuko sahihi?
Mama wa Hema

JIBU: Marahaba, mama. Wewe ndiye uliye sahihi, na baba watoto asinune, maana hata yeye atafaidi.

Kiti cha gari kimeumbwa kwa ajili ya makalio na mgongo wa mtu aliyekaa. Ukikilaza, mabonde yake yanabaki palepale, na katikati ya safu na safu kuna ufa. Sponji hufuata kilichopo chini. Godoro la sm 20 litaingia kwenye mabonde hayohayo taratibu zaidi, kisha liwanyang'anye nafasi ya kichwa. Kwa hiyo kwanza tafuteni ubapa, godoro baadaye.

Viti vya nyuma kabisa vibaki nyumbani. Vya katikati vibaki garini, kwa sababu watoto wanasafiri wakiwa vitini na mikanda imefungwa, si wakijiviringisha juu ya kitanda. Mkifika kambini, vitoeni nje mvifunike kwa turubai.

Sasa kimo. Hapa ndipo wengi wanapojiharibia: wanataka droo, makasha na jiko chini ya kitanda, wanainua ubao mpaka wanalala kama sahani kabatini. Mtu mzima akikaa wima anahitaji karibu sm 90 kutoka makalioni hadi utosini. Toa 90 kwenye 125 zenu, toa na 10 za godoro, zinabaki 25. Huo ndio mwisho wa juu ya ubao. Mabegi laini yatapenya chini yake. Kasha refu litafute pengine. Mimi ningechagua kuweza kukaa na kuvaa shati bila kugonga dari kuliko kuwa na droo. Pimeni pia yale matuta yanayofunika magurudumu ya nyuma. Kama ubao unaweza kupita juu yake, mtapata upana wa gari lote badala ya ule uliobanwa katikati ya matuta.

Urefu: mpeni mzee sm 193, yaani kimo chake na 10 za ziada, la sivyo vidole vya miguu vitasukuma mlango usiku kucha. Pimeni kutoka mlango wa nyuma hadi migongo ya viti vya mbele mkiwa mmevisogeza mbele.

Kwa mbao, plaiwudi ya mm 12 inatosha mkiweka boriti ya kuikingia kila baada ya sm 40 hivi. Seremala atawashawishi mchukue ya mm 18. Ni imara, sikatai, ila uzito unaongezeka kwa nusu, na ninyi ndio mtakaoibeba. Ikateni vipande vitatu vinavyopandana mchana nyuma ya viti vya watoto. Godoro nalo likatwe vitatu. Sababu ni hii: ukilikata vipande viwili, kiungo kinaangukia chini ya nyonga, mahali penye uzito mkubwa kuliko pote. Ukilikata vipande vitatu, nyonga inatua katikati ya kipande cha kati. Sponji yenu ya sm 10 bado inafaa kama haijachoka. Ipigieni goti moja juu ya ubao. Mkiusikia ubao, ndipo mnunue nyingine, na muulize iliyo nzito kwa ujazo wake, msidanganywe na unene.

Kipande cha nyuma kifungwe kwa bolti kwenye matundu yaleyale yaliyoshika viti mlivyoacha nyumbani, na vile vipande viwili vingine vifungwe imara juu yake. Kamba ya katani haitoshi. Mkipiga breki ya ghafla, ubao uliolegea unakwenda moja kwa moja kwenye visogo vya watoto.

Yale maji chini ya godoro ni yenu wenyewe. Mtu aliyelala hutoa karibu glasi moja ya maji kwa usiku kupitia pumzi na ngozi. Joto la mwili linausukuma mvuke ndani ya sponji, unakutana na kitu baridi chini, unageuka maji. Toboeni plaiwudi matundu ya sm 3 kila baada ya sm 15 au 20 ili hewa ipite. Acheni madirisha mawili ya pande zinazotazamana wazi kiasi cha vidole viwili, mkiyaziba kwa kipande cha chandarua. Asubuhi simamisheni vipande vya godoro wakati chai inachemka, maana likikunjwa likiwa bichi, kuvu haichelewi.

Jambo dogo la mwisho: kabla ya kuzima gari, lazeni chupa ya maji iliyojaa nusu juu ya ubao, mtaona maji yanaelekea wapi. Kama pameinama kidogo, vichwa vilale upande wa juu.

SWALI: Tunalala garini sehemu zenye baridi kali. Je, tunaweza kuwasha jiko dogo la gesi ndani kwa dakika chache kabla ya kulala?
Mpenda Milima

JIBU: Hapana. Jiko la mkaa vilevile hapana. Moto hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na mtu anayesinzia hajui kama ni usingizi au ni sumu. Chemsha maji nje, yatie kwenye chupa ngumu isiyoyeyuka kwa moto, kaza kifuniko, ivishe soksi nene, uiweke miguuni nusu saa kabla ya kupanda kitandani. Na utandike blanketi moja chini yako, juu ya godoro, hasa kama godoro lako ni la kupuliza, kwa sababu hewa iliyo ndani yake huzunguka na kulibeba joto lako kulipeleka chini.