Shamba moja kuwa na jina lake linalolindwa: inawezekanaje?

SWALI: Muuzaji wangu anasema mvinyo wa Dominio de Valdepusa, wa Hispania, una jina linalolindwa kisheria ingawa unatoka shamba moja tu. Nilijua majina hayo ni ya maeneo mapana kama Rioja. Ni kweli? Na je, ndilo daraja la juu kuliko yote?

JIBU: Ni kweli. Sheria ya mvinyo ya Hispania, namba 24 ya mwaka 2003, iliweka kundi la Vino de Pago, yaani mvinyo wa shamba moja maalumu. Hupewa kipande cha ardhi chenye udongo na hali ya hewa visivyofanana na vya jirani, ambacho jina lake limezoeleka sokoni kwa angalau miaka mitano. Zabibu zote zitoke humo humo, na mvinyo wake utengenezwe na kutunzwa mbali na mwingine wowote.

Valdepusa yenyewe inaonyesha kwa nini kundi hili lilihitajika. Shamba lipo Malpica de Tajo, mkoani Toledo. Mwaka 1974 Carlos Falcó, mwenye cheo cha Marqués de Griñón, alipanda zabibu za Cabernet Sauvignon, akamwagilia kwa matone wakati sheria ilikataza kumwagilia mizabibu ya mvinyo. Katazo hilo lilikuja kuondolewa 1996. Baadaye zikaingia Syrah na Petit Verdot, nazo si zabibu za asili za Toledo. Matokeo yake, mvinyo uliosifiwa nje ya nchi uliuzwa kwa lebo ya mvinyo wa mezani, daraja la chini kabisa. Kwangu mimi hiyo ilikuwa dhuluma kwa mkulima aliyejua ardhi yake. Mwaka 2002, hata kabla ya sheria hiyo ya taifa, jimbo la Castilla-La Mancha lililitambua shamba hilo, pamoja na Finca Élez ya Albacete.

Kuhusu daraja, usilipime kwa ulimi. Vino de Pago inathibitisha mvinyo umetoka wapi na umetengenezwaje, haikuahidi ladha. Vega Sicilia, miongoni mwa mivinyo inayoheshimiwa zaidi Hispania, inabeba jina la eneo pana la Ribera del Duero. Rioja nayo ilianzisha utaratibu wake wa mashamba ya pekee mwaka 2017.

Jihadhari pia na neno Pago kwenye jina la kiwanda. Pago de Carraovejas ni mvinyo mzuri, lakini ni wa Ribera del Duero. Geuza chupa usome lebo ya nyuma: jina la eneo linalolindwa lazima liwepo, na hilo ndilo la kumuuliza muuzaji kabla hujalipa bei ya juu.