Waiteni wananchi kabla ramani ya zahanati haijachorwa

Nimekaa kwenye kamati za afya za vijijini kwa muda mrefu, na wanaoanza kazi hii huniuliza swali lilelile: tufanyeje ili wananchi washiriki? Mimi huwauliza wanawaita lini. Ukiwaita kusomba mchanga wakati eneo, ramani na saa za huduma vimeshaamuliwa, umewafanya vibarua wasiolipwa. Azimio la Alma-Ata, lililotolewa na mkutano wa kimataifa wa afya ya msingi mwaka 1978, lilitamka kwamba watu wana haki na wajibu wa kushiriki, mmoja mmoja na kwa pamoja, katika kupanga na kutekeleza huduma zao za afya. Kupanga ndiko kulikotangulia.

Tazama dawa ya usubi, ugonjwa unaopofusha watu wanaoishi karibu na mito yenye maji ya kasi. Kuanzia miaka ya 1990, vijiji vingi vya Afrika viliachiwa vichague vyenyewe mgawaji, mwezi wa kugawa, na kama dawa ipelekwe nyumba kwa nyumba au watu wakusanyike. Mgawaji, mara nyingi mkulima tu, humsimamisha mtu kando ya fimbo yenye alama, urefu ukamwonyesha idadi ya vidonge, akaandika daftarini. Wataalamu hawakujitoa: walifundisha, walileta dawa, walifuatilia wanaodhurika. Ila ratiba ilikuwa ya kijiji.

Lakini watu hawawezi kuamua wasichokijua. Kwa hiyo, kikaoni nenda na leja ya dawa, yaani daftari la dawa zinazoingia na kutoka. Nakumbuka kikao kilichopooza mpaka muuguzi alipoanza kusoma dawa zilizopokelewa na tarehe zilipoisha. Mama mmoja akainuka kutoka nyuma: "Kumbe dawa ya malaria ya watoto iliisha wiki nzima kabla sijaja! Mbona hatukutangaziwa?" Maswali yakafumuka. Ikaonekana maombi ya dawa hupelekwa wakati rafu zimeshakuwa tupu. Palepale wakachagua wajumbe wawili wa kuhesabu akiba pamoja na muuguzi kila mwezi. Hotuba zangu zote za uhamasishaji hazijawahi kuzaa uamuzi kama huo.

Angalia pia ni nani anayesema. Mkutano wa hadhara huwapa nafasi wenye sauti, na binti aliyeolewa juzi hatazungumzia uzazi mbele ya baba mkwe. Wanawake wawe na kikao chao, saa wanayoitaka wao. Katika wilaya ya Makwanpur, Nepal, vikundi vya wanawake vilikutana kila mwezi vikiongozwa na mwanamke wa hapohapo, wakajadili matatizo ya uzazi na kujipangia ufumbuzi. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2004 yalionyesha vifo vya watoto wachanga vikiwa pungufu kwa takriban asilimia 30 kuliko maeneo yasiyo na vikundi hivyo.

Na mhudumu wa afya waliyemchagua alipwe. Anayeacha shamba lake kutembelea wajawazito na kupima watoto anafanya kazi, wala si haki kumwita mtu wa kujitolea mwaka baada ya mwaka. Posho yake iwekwe kwenye bajeti ya kwanza kabisa, kabla ya rangi za ukuta.