Maswali Yenu: Ukoo wa Lugha za Waelvu

Wiki hii mmeuliza sana kuhusu lugha za Waelvu (Elves) wa Middle-earth, ulimwengu aliobuni J.R.R. Tolkien. Nayajibu yale yaliyojirudia.

Wanasema Quenya na Sindarin, lugha mbili za Waelvu, ni ndugu. Mbona hazifanani hata kidogo?

Zinafanana, ila ujue pa kutazama. Zote zimezaliwa na lugha moja ya kale. Chukua neno la “mti”, ambalo hapo kale lilikuwa *galadā*. Quenya ilidondosha *g* ya mwanzo na irabu ya katikati, ikabaki na *alda*. Sindarin iling’ang’ania *g*, ikapoteza irabu ya mwisho, na *d* ikalainika: *galadh*. Ndilo lililomo katika Caras Galadhon, mji wa mitini kule kwenye msitu wa Lothlórien. Bata maji naye ni *alqua* kwa Quenya na *alph* kwa Sindarin, maana *kw* ya kale iligeuka *p*, na *p* hiyo ikilaliana na *l* hutamkwa *f*. Hivi ndivyo lugha za kweli zinavyoachana, lugha za Kibantu zikiwemo.

Nani alizitenganisha?

Bahari. Waelvu waliovuka kwenda magharibi walibaki na Quenya. Waliosalia Beleriand, upande wa mashariki wa bahari, ndio Wasindar, na lugha yao ikawa Sindarin. Wanoldor, kundi mojawapo la waliovuka, waliporudi, Thingol, mfalme wa Wasindar, akapata habari kwamba walikuwa wamewaua jamaa zake kule Alqualondë, akapiga marufuku Quenya katika milki yake. Tangu hapo ikawa lugha ya sherehe na ya wasomi, Sindarin ikatawala mazungumzo ya kila siku.

Wingi wa Sindarin unanichanganya: *adan* (mwanadamu), kisha *edain*?

Iulize Quenya: *Atan*, wingi *Atani*. Sindarin nayo ilikuwa na *i* ile mwishoni. Kabla ya kutoweka ikazivuta irabu zilizoitangulia, zikabadilika. Mkosaji hayupo, alama zake zipo.

Tolkien alianza na hadithi au na lugha?

Na lugha, na mwenyewe alisema hivyo. Kamusi ya kwanza ya Quenya aliianza mwaka 1915, akiwa amevutiwa na Kifini. Sindarin ina ladha ya Kiwelisi. Ushahidi ninaoupenda ni huu: kwa miaka mingi lugha ile yenye ladha ya Kiwelisi ilikuwa ya Wanoldor, ikiitwa Noldorin. Baadaye akaihamishia kwa Wasindar, na historia ya watu wake ikabidi iandikwe upya kuifuata. Waandishi wengi wangeitupa lugha wakabaki na hadithi.

Lugha ya Mbilikimo nayo imo katika ukoo huu?

Haimo. Lugha yao, Khuzdul, ina mizizi ya konsonanti tupu, mfano *kh-z-d*, kwa mtindo wa Kiarabu na Kiebrania.

Nikijifunza, nitaweza kuzungumza?

Utasema salamu, utaandika shairi, lakini kununua tiketi ya basi itakushinda. Tolkien aliendelea kubadilisha sarufi hadi alipofariki mwaka 1973, na orodha yake kubwa ya mizizi ilichapishwa mwaka 1987. Wanaozitumia leo huziba mapengo kwa kukisia kutokana na kanuni hizohizo za sauti. Hata mazungumzo ya Kielvu katika filamu za The Lord of the Rings, za 2001 hadi 2003, yalihitaji mtaalamu, David Salo, ayatunge. Anza na Sindarin kama unapenda majina ya mahali. Ukipenda sarufi iliyonyooka, Quenya.