Kesi ilinifia mlangoni

Ugomvi wangu wa lori niliupeleka mahakama ya shirikisho hapa Ohio kwa kuwa watu walinambia huko hakuna kujuana. Nikalipa ada, dola 405. Miezi mitano ikapita, mdaiwa kimya, mara ikaja karatasi ya jaji mwenyewe: eleza kila mmiliki wa kampuni unayoidai ni raia wa jimbo gani. Kampuni hiyo, ya aina iitwayo LLC, imesajiliwa Indiana. Wamiliki wawili, mmoja nyumba yake iko mtaa wa tatu kutoka kwangu. Kesi ikafutwa, maana ugomvi kama wangu mahakama ya shirikisho huupokea tu pande mbili zikiwa za majimbo tofauti.

Nilinuna mpaka nilipoisoma kesi ya Capron dhidi ya Van Noorden, ya mwaka 1804. Capron alimshtaki mwenzake katika mahakama ya shirikisho huko North Carolina, akashindwa. Badala ya kurudi nyumbani akapanda Mahakama ya Juu na hoja ya kuchekesha: hukumu itenguliwe, maana mahakama niliyoichagua mwenyewe haikuwa na mamlaka! Kumbukumbu zilisema tu Van Noorden alikuwa wa kaunti ya Pitt. Kuhusu Capron, hakuna uraia, hakuna hata anakoishi. Na wakamkubalia.

Hebu jiweke upande wa Van Noorden. Umeshinda, wakili keshakula chake, halafu aliyekuburuta ndiye anasema tulikosea mlango.

Mahakama za shirikisho za chini zina mamlaka yale tu yaliyotolewa na Katiba na Bunge. Wagomvi hawawezi kukubaliana wakaziongezea. Mwaka 1806, katika Strawbridge dhidi ya Curtiss, Jaji Mkuu John Marshall akakaza zaidi: mdai mmoja tu akiwa wa jimbo moja na mdaiwa yeyote, sheria hiyo ya uraia wa majimbo tofauti haikusaidii.

Basi kama dai lako ni la mkataba au ajali, lisiloihusu sheria ya shirikisho, kwanza liwe limezidi dola 75,000. Kisha andika uraia wa kila mhusika kwenye hati ya madai. Kuandika "anaishi" hakutoshi. LLC hufuata uraia wa wamiliki wake wote, usidanganyike na mahali iliposajiliwa. Nasi wenye grini kadi, ukiwa na makazi jimbo lilelile la raia unayemdai, mlango huo si wako.

Na muda wa kufungua upya unakimbia. Mimi nilipoteza wiki tatu nikilalamika, ndipo nikaenda mahakama ya kaunti. Karani hata hakuniangalia usoni, aliuliza tu nakala ziko ngapi.