Usikae baraza moja tu

Vijana wa hapa, na hata watu waliohamia Lamu kwa kazi, huniuliza namna ya kuingia kwenye mazungumzo ya barazani bila kuonekana wadaku. Jibu langu huanzia mbali kidogo na swali lao: usichague baraza moja ukaifanya ndiyo mji mzima. Wazee wa Mkunguni mbele ya Ngome wana yao. Manahodha na vijana wa maboti kwenye gati wana yao. Mafundi wa Matondoni huzungumza mikono ikiwa kazini, na akina mama wana mazungumzo yao ukumbini huku wakisuka ukili. Jambo lile lile, tuseme bei ya samaki, husemwa kwa sura tofauti kila mahali, na huwezi kulijua mpaka uwe umelisikia pande zote.

Kuingia si kugumu. Toa salamu kwa wote, usimbague unayemjua. Ukiambiwa "karibu," itikia "starehe," kisha keti pembeni penye nafasi, na usiwasimamishe watu wakupishe. Muuza kahawa akipita na dele lake, wanunulie waliopo. Halafu nyamaza. Kila baraza ina mwenyewe, mara nyingi mzee ambaye wengine humtazama kabla ya kubadilisha maneno, nawe huwezi kumtambua siku ya kwanza kama unasema wewe muda wote.

Kuna sababu nyingine ya kunyamaza mwanzoni. Mji wetu ni mdogo na watu wameoana. Ukimtaja asiyekuwapo kwa ubaya, yawezekana aliyekaa ubavuni mwako ni mpwa wake au mkwewe, na kwa adabu yake hatakwambia. Atakusikiliza tu, na kesho hutapata neno kwake. Mimi nimejiwekea sharti la kutomjadili mtu asiyekuwapo hata kama wengine wamemwanza, na sharti hilo limenifungulia milango mingi kuliko elimu yangu ya ualimu.

Ukitaka kuzungumza na mtu wa kazi ya mikono, muulize kazi yake, na umuulize jambo mahususi. Nilimuuliza fundi mmoja wa Matondoni kwa nini mataruma, yaani mbavu za mashua, hayachongwi kutoka mbao zilizonyooka. Aliweka keekee chini akanieleza kwamba hutafutwa mti uliojipinda wenyewe, kwa kuwa ukilikata taruma kutoka ubao ulionyooka unakata nyuzi za mti, nalo huvunjika kwenye tumbo la chombo. Kutoka hapo tukafika kwenye uhaba wa mbao, tukafika kwenye marufuku ya kukata miti iliyotangazwa na serikali mwaka 2018, ambayo iliwagusa hata wakata mikoko wetu, tukaishia kwenye vijana walioiacha kazi ya baba zao. Ningemuuliza "mambo ya biashara vipi?" angenijibu "alhamdulillahi" na kurudi kwenye mashua yake. Kwa wavuvi, hata hivyo, chunga kitu kimoja. Usimuulize mvuvi amevulia mwamba gani. Pale ndipo riziki yake ilipo. Muulize upepo, muulize maji ya bamvua, muulize nyavu.

Wavuvi ndio walionifundisha kwamba kusoma habari si sawa na kuzungumza na mwenye habari. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ya Malindi iliamua wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76 kwa madhara ya ujenzi wa bandari mpya ya Lamu. Barazani mjini watu walizungumza fedha tu: nani atapata, lini, kiasi gani. Ukikaa na wavuvi wenyewe, mazungumzo yalikuwa mengine. Kusi linapokaza, vyombo vidogo havithubutu kutoka kwenda bahari kuu, na tegemeo lao huwa maji ya ndani, kati ya visiwa na bara. Hayo ndiyo maji yaliyochimbwa. Kwao fidia ilikuwa ya miezi ambayo hawana pengine pa kwenda, na sijui mtu angelielewaje jambo hilo kwa kusikiliza hesabu ya shilingi peke yake.

Barazani pia utaulizwa habari umeitoa wapi. Tunao watu waliosoma dini tangu utotoni, nao wamezoea kwamba neno lina mapokezi: nani amelisikia kwa nani. Mzee atakwambia kwa upole, "Mwanangu, hilo umelipokea kwa nani?" Usikasirike wala usifikiri anakudharau. Tofautisha mwenyewe kabla hujaulizwa: hili nimeliona, hili nimeambiwa na ami yangu, hili nimelisoma kwenye simu. Ukizoea kusema hivyo, watu huanza kukuamini hata siku utakapokuja na habari wasiyoipenda.

Sasa nije kwenye mazungumzo makali, kwa sababu hapo ndipo wengi hukimbia. Mradi wa umeme wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, upande wa bara wa Lamu, wa megawati 1,050, uligawa mabaraza yetu kwa miaka. Kulikuwa na kijana aliyetaka kazi na kulikuwa na mvuvi aliyeogopa majivu na maji ya moto kuingia baharini. Wote wawili walikuwa na haki ya kusikilizwa. Kilichoharibu mazungumzo ni neno "umenunuliwa." Likishatamkwa, hakuna anayejibu hoja tena. Nakusihi, usilitamke, na mwenzako akilitamka, mrudishe kwenye hoja. Kabla ya kumpinga mtu, rudia alichosema kwa maneno yako, umuulize kama ndivyo alivyokusudia. Mara nyingi atakurekebisha, na ugomvi utapungua nusu kabla hujasema lako.

Juni 2019 jopo la mazingira lilifuta leseni ya mradi ule, na miongoni mwa sababu ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Nataka vijana walizingatie hilo. Katiba ya 2010 inautaja ushiriki wa wananchi katika kifungu cha 10, lakini maneno yanayobaki barazani hayaingii kwenye kumbukumbu za kikao chochote. Ikitangazwa mikutano ya hadhara, nendeni. Atakayesimama ataje jina na mtaa wake, aseme jambo moja kwa kifupi, na aulize kama limeandikwa.

Neno langu jingine ni kwa sisi wenyeji. Akija mtu wa bara, au mkulima wa Mpeketoni, walikohamia watu wengi wa bara, akaketi nasi, tusikimbilie Kiamu cha ndani, lahaja yetu, ili asifahamu. Mfafanulie utani, mtajie anayezungumziwa ni nani, muulize kwao mambo hayo hufanywaje. Wageni wa namna hiyo wamenifundisha habari za ardhi na mvua ambazo hazisemwi kabisa huku pwani.

Na ukitaka kuondoka, usiondoke katikati ya ubishi. Ngoja maneno yapoe, uombe ruhusa, uambiwe "ruhusa ni yako," ndipo uvae viatu vyako. Kesho yake pitia baraza nyingine.