Soda ya Ukwaju ya Babu Yako

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na ile picha ya chupa pia. Jina la soda hiyo, Cheerwine, lilinitia wasiwasi mpaka uliposema hamna pombe ndani. Umeniuliza: kama watu wa Salisbury, North Carolina, huko Marekani, wana soda ya mji wao tangu 1917, na kiwanda bado kiko kwenye ukoo ule ule, mbona sisi tuliouza soda hapa Ngamiani, Tanga, miaka yote hatukuwa na yetu?

Babu yako alijaribu. Usicheke. Alichemsha ukwaju uani, akauchuja kwa kitambaa cha kanga, akatuonjesha. Ulikuwa mtamu kweli, lakini ukwaju unadai sukari, na miaka ile sukari ilikuwa ya foleni na mgawo. Mwaka 1983 ikaja vita ya serikali dhidi ya wahujumu uchumi, ya kuwasaka walioficha bidhaa. Mtu mwenye magunia matatu ya sukari uani kwake angemwelezaje mgambo kwamba anatengeneza soda?

Ndiyo maana kisa cha huyo Peeler wako, aliyeanzisha Cheerwine, kimenigusa. Naye alibanwa na uhaba wa sukari, wakati wa vita kuu ya kwanza, akanunua kionjo cha cheri kwa mchuuzi wa St. Louis. Yeye uhaba ulimpa soda. Babu yako ulimnyang'anya.

Lakini sukari peke yake isingetuzuia daima. Kilichotushinda ni chupa. Wewe ulikulia juu ya makreti ukadhani ni viti! Kreti moja ni chupa 24. Ukitaka kuuza kreti 100 kwa wiki, huwezi kuwa na kreti 100 tu: nyingine zimejaa dukani, nyingine ziko kwa wateja, nyingine tupu zinasubiri gari, nyingine zinaoshwa. Babu yako alipiga hesabu ya kreti 300, yaani chupa 7,200, kabla hajauza hata moja. Na mteja akiondoka na chupa yako kwenda kuwekea mafuta ya taa, umekwisha. Sisi mawakala tulikuwa tunazungusha chupa za kiwanda, zetu hazikuwepo.

Uzito huo huo wa chupa ndio uliowapa ulaji wenzenu huko. Mwaka 1899 mabwana wawili wa Chattanooga walipewa haki ya kutia Coca-Cola kwenye chupa kwa dola 1, nao wakaigawa nchi vipande vipande, kila eneo na mtu wake, kwa sababu chupa za glasi haziendi mbali zikarudi kwa faida. Familia nyingi zilipata viwanda hivyo. Hata Moshi tunacho Bonite, cha familia ya hayati Reginald Mengi. Ila usichanganye: kiwanda hicho kinajaza Coca-Cola. Maji, sukari na gesi kinatia chenyewe. Kile kiini kinatoka kwa wenye jina. Peeler alikuwa na jina lake pia, na hapo ndipo tofauti ilipo. Babu yako alilijua hilo kabla yangu, maana kila gari la soda liliposhusha mzigo alikuwa anasema, "Tunawauzia watu jina la mtu."

Ukija likizo niletee chupa moja, ya glasi, uifunge vizuri kwenye nguo. Kopo silitaki. Nami nitakuchemshia ukwaju, sukari siku hizi ipo.

Mama yako,
Tanga